Gari limezima, starta inazunguka bure: kusaka tatizo la mkanda au cheni ya taimingi

Simu za namna hii huingia usiku. "Kaka fundi, samahani kwa usumbufu. Gari imezima ghafla hapa Mikese. Nikipiga starta inazunguka tu, tena kwa kasi kuliko siku zote." Swali langu la kwanza huwa hilohilo: umepiga starta mara ngapi? Akisema mara mbili, napumua. Akisema amepiga mpaka betri imelala, kisha wasamaria wakamsukuma ili liwake kwa gia, naanza kupiga hesabu ya silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu.

Matatizo ya taimingi yana tabia hiyo. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni wa mkanda, tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda au cheni) au oili. Hasara kubwa inakuja baadaye, mtu anapolazimisha injini izunguke wakati valvu na pistoni hazijui tena zamu zao. Kwa hiyo karibu kila kipimo hapa chini kinafanyika kwa jicho, sikio na spana, starta ikiwa imeachwa ipumzike.

Zamu ya nani

Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda. Hawaangaliani mikono, mdundo ndio unaowaongoza. Mmoja akikosea mdundo kidogo, michi inagongana.

Pistoni na valvu zinatwanga kinu kimoja. Krankshafti, ule mtaimbo wa chini, inapandisha na kushusha pistoni. Kemshafti, mtaimbo wa juu wenye vinundu vya umbo la yai, inasukuma valvu zifunguke kuingiza hewa na kutoa moshi. Kazi nzima ya silinda moja (kuvuta, kugandamiza, kulipua, kutoa) inachukua mizunguko 2 ya krankshafti, na katika muda huo kila valvu inafunguka mara moja tu. Ndiyo maana puli ya kemu ina meno mara mbili ya yale ya kranki: kranki mizunguko 2, kemu mzunguko 1. Mshale wa RPM (mizunguko ya kranki kwa dakika) ukisoma 3,000, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde. Mkanda au cheni ndiyo mdundo unaowaunganisha hao wawili, na kulingana kwa zamu zao ndiko tunakoita taimingi.

Injini ziko za aina mbili katika jambo hili. Zipo zenye nafasi ya kutosha, ambazo hata mkanda ukikatika pistoni haifiki kwenye valvu iliyobaki wazi. Toyota 5A-FE na 7A-FE za Corolla na Carina za zamani ni za kundi hilo, pamoja na 3S-FE ya RAV4 za mwanzo. Mkanda unakatika, gari linavutwa hadi gereji, linafungiwa mwingine, unaondoka. Na zipo zinazogongana: pistoni ikipanda wakati valvu iko wazi, valvu inapinda. Dizeli karibu zote ziko huku, kwa sababu nafasi ya juu ya pistoni ni finyu mno. Huku pia ziko Subaru EJ20 nyingi, na iko 3S-FSE, ile ya D4. Jina lake linatofautiana na 3S-FE kwa herufi moja, na hiyo herufi moja imewaliza wengi.

Una mkanda au una cheni?

Jamaa mmoja aliniletea "mkanda wa taimingi wa IST" aliouziwa dukani kwa bei nzuri tu. Ulikuwa feni belti. IST haina mkanda wa taimingi. Injini zake, zikiwemo 2NZ-FE ya 1.3 na 1NZ-FE ya 1.5, zina cheni, sawa na Probox, Vitz, na Premio au Allion za miaka ya 2000 kuendelea. Noah ya 1AZ ina cheni. Nissan za QG, QR, HR na MR zote ni cheni. Kwenye mkanda utakuta 5A, 7A, 3S na 1G za Toyota, Subaru za EJ, Mitsubishi nyingi za 4G, na dizeli kama 3L, 1HZ, 1KZ, 1KD na 2KD. Hilux na Prado mpya za 1GD na 2GD zimerudi kwenye cheni.

Usipojua jina la injini, tazama kava la ubavuni, upande wa feni belti. Kava la plastiki lililoshikwa na boliti ndogo za spana namba 10 linaficha mkanda. Kava la alumini lililobandikwa kwa silikoni linaficha cheni, kwa sababu cheni inaogelea kwenye oili na oili haitakiwi kutoka. Mkanda unaishi mkavu. Ukikuta kava la plastiki linatiririka oili, hilo tayari ni tatizo, tutalifikia.

Limezima likitembea, starta inazunguka kwa wepesi

Injini nzima ikizungushwa na starta ina mapigo: chu-chu-chu-chu, kila pigo ni silinda moja inagandamiza hewa. Mkanda ukikatika, kemu imesimama, hewa haigandamizwi sawasawa, na starta inatoa mlio mmoja mwepesi kama feni: wiiii. Ukisikia hivyo, ondoa mkono kwenye ufunguo. Sikio limeshakupa nusu ya jibu.

Nusu ya pili iko chini ya boneti. Chomoa waya hasi wa betri, weka gia N au P. Kama ni mkanda, legeza kava la juu uone: umekatika, umelegea, au upo ila meno ya upande wa kranki yamenyolewa? Hili la mwisho linawadanganya wengi, maana mkanda unaonekana mzima kwa juu. Kama ni cheni, fungua mfuniko wa kujazia oili na umulike kwa tochi. Kwenye injini nyingi utaona kipande cha kemu au cheni yenyewe (nyingine zina bati linaloziba, hapo itabidi kava la valvu litoke). Halafu weka spana kwenye boliti kubwa ya puli ya kranki, zungusha taratibu kwa mkono kufuata mwelekeo wa injini, mwenzako akiangalia juu. Toyota, Nissan na Subaru huzunguka kama saa ukitazama puli kutoka mbele. Honda za zamani za D na B huzunguka kinyume, na wapo mafundi wenye uzoefu wa miaka ambao bado hilo huwaponyoka.

Kranki ikizunguka na kemu imetulia tuli, kesi imekwisha: mkanda au cheni imekatika, au meno yamenyolewa. Spana ikigoma ghafla kama imegonga ukuta, usiilazimishe. Hapo pistoni imekutana na valvu, na kila kilo unayoongeza mkononi inaingia kwenye shina la valvu.

Kemu ikizunguka pamoja na kranki, mdundo haujakatika ila unaweza kuwa umeruka jino. Injini iliyoruka ina mapigo yasiyolingana kwenye starta, chu-chu-wii-chu, na mara nyingine inapiga chafya kurudi kwenye kichujio cha hewa. Ikiwa mapigo yanalingana vizuri kabisa, acha taimingi, tafuta mafuta na moto wa plagi. Hapa kuna kipimo ambacho hakihitaji hata spana: ngoja saa moja. Gari lililozima kwa joto kisha likawaka lilipopoa lina sensa ya kranki au ya kemu inayokufa. Nissan nyingi za QG na QR zimeshawalaza watu barabarani kwa sababu hiyo. Cheni iliyoruka haiponi kwa kupoa.

Sasa tuseme mkanda umekatika kweli. Kabla ya kuagiza mwingine, tafuta kilichoukata. Zungusha kila beringi ya tenshena na kila puli kwa kidole: yenye mikwaruzo, inayoyumba, au iliyoganda ndiyo muuaji. Kwenye injini ambazo mkanda wa taimingi ndio unaozungusha pampu ya maji, kama 3S na EJ20, zungusha na pampu. Nimeona mkanda mpya ukiisha ndani ya siku 4 tu, kwa sababu pampu iliyokuwa imeganda ilirudishwa ndani kwa kuhurumia mfuko wa mteja.

Na kama injini ni ya kugongana, usikubali kuambiwa "nunua hedi" kwa kuangaliwa tu. Funga mkanda kwenye alama zake, zungusha kwa spana mizunguko 2 kamili, kisha pima kompresheni. Injini ya petroli iliyo nzima husoma kuanzia psi 150 hivi hadi zaidi ya 200, na silinda zake hukaribiana. Silinda yenye valvu iliyopinda husoma sifuri au karibu na sifuri. Ukitaka kuwa na hakika kwamba si ringi za pistoni, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: ringi mbovu zitapandisha usomaji, valvu iliyopinda haitajali. Valvu 2 zilizopinda ni kazi ya kubadilisha valvu na kusaga viti vyake. Hedi nzima ya mtumba kutoka Ilala unaweza usiihitaji kabisa.

Mlio wa asubuhi

Huu ndio ugonjwa wa cheni, na ndio wenye sura nyingi. Unawasha alfajiri, injini inatoa krrrrr kama mnyororo wa baiskeli uliolegea ukigonga kava, kisha inanyamaza. Mwenye gari anazoea. Anaongeza sauti ya redio.

Hesabu sekunde. Mkwaruzo wa sekunde 1 hivi, mkavu, unaotoka upande wa juu wa kemu ya kuingiza hewa, mara nyingi ni gia ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaosogeza taimingi ya kemu kwa presha ya oili). Ndani yake kuna pini inayofunga gia isichezecheze wakati oili haijafika. Pini ikilika, gia inagonga kushoto na kulia mpaka oili ifike na kuishika. Inakera, lakini haiui injini wiki hii. Mlio unaodumu sekunde 3, 5 au 10 na kutoka ubavuni ni tenshena. Tenshena za cheni kwenye injini hizi husukumwa na presha ya oili. Oili ikichelewa, cheni inabaki legelege na kuchapa plastiki zinazoiongoza. Mlio usionyamaza hata injini ikipata moto, au unaorudi kila unapoachia mafuta kwenye mteremko, ni cheni yenyewe. Hapo umeshachelewa.

Watu husema cheni "imetanuka" na kudhani chuma kimevutika kama pipi ya mpira. Kinacholika ni pini na bushi za kila kiungo. Chukua cheni ya viungo 120: kila kiungo kikilika milimita 0.02 tu, cheni nzima imeongezeka zaidi ya milimita 2. Tenshena itajaribu kuufuata huo urefu mpaka fimbo yake iishe. Ndiyo maana nikitoa tenshena natazama kwanza fimbo imetoka kiasi gani. Ikiwa imekaribia mwisho, kubadilisha tenshena peke yake ni kumfunga mgonjwa mkanda mpya wa suruali.

Kinachoila hiyo cheni ni oili, kwa namna tatu. Oili iliyopitiliza muda hugeuka tope na kuziba vitundu vyembamba vinavyolisha tenshena na VVT-i. Oili iliyopungua huacha pampu inyonye hewa kwenye kona na milimani. Ukipanda Kitonga na kipimo kikiwa chini ya alama ya L, tenshena yako inapumua hewa. Na oili nzito kupita kiasi: 1NZ-FE imetengenezewa oili nyepesi kama 5W-30, sisi tunaimiminia 20W-50 kwa sababu "ni nzito, inalinda", kisha tunashangaa kwa nini alfajiri inachelewa kupanda juu. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba injini iliyochoka inakula oili nyepesi. Ni kweli kwa injini inayokula oili. Kwa injini nzima, unainunulia mlio.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, fanya kipimo cha bei ndogo kuliko vyote: badilisha oili iwe ya namba sahihi, na ufunge filta nzuri. Filta ina kijimpira ndani kinachozuia oili isirudi chini gari likilala. Filta za bei ya kutupa kijimpira hicho kigumu au hakipo, njia za oili zinakauka usiku, na asubuhi tenshena inaanza kazi na njaa. Magari kadhaa yaliyoletwa kwangu "kwa ajili ya cheni" yaliondoka na filta tu. Sikupata pesa nyingi siku hizo.

Kuna la 1ZZ-FE (ile ya 1.8 ya Corolla na Allion) ambalo ni dogo ila lina hatari yake. Tenshena yake hufungwa kutoka nje, na mpira wake wa kuzuia oili hukakamaa ukavuja ubavuni mwa injini. Kazi ya kubadilisha mpira huo ni ya nati mbili tu, ndiyo maana kila mtu anajiona anaiweza. Lakini ukishachomoa tenshena, cheni imelegea yote. Mtu akigusa starta, au akizungusha kranki kurudi nyuma, cheni inaruka meno. Na kabla ya kuirudisha, fimbo inasukumwa ndani na kufungwa kwa kindoano chake, ndipo iachiwe ikiwa mahali pake. Ukiirudisha ikiwa imejitokeza utavunja kitu.

Linawaka ila halina nguvu

Jino moja lina uzito gani? Kama sproketi (puli yenye meno) ya kemu ina meno 36, jino 1 ni nyuzi 10 za kemu, ambazo ni nyuzi 20 za kranki. Gari litawaka, lakini halitakaa sailensa (kunguruma bila kukanyaga mafuta) vizuri, litamisi likiwa baridi, litakunywa mafuta, na mlimani litahema. Kemu ikichelewa, utaona gari zito likiondoka na linachangamka kidogo mshale ukipanda juu. Ikitangulia, kwa kawaida sailensa ndiyo inayoumia kwanza.

Dalili hizo zinafanana na za plagi mbovu, koili, pampu ya mafuta na bomba la moshi lililoziba ndani, kwa hiyo hapa mashine ya kusoma kodi za hitilafu inalipa pesa yake. P0016 inasema sensa ya kranki na ya kemu hazikubaliani. Ndiyo kodi ya cheni iliyolika au kuruka, ingawa valvu ya oili ya VVT-i iliyonata inaweza kuileta pia. P0011 inasema kemu imetangulia mno, P0012 imechelewa mno. Zote mbili naanzia kwenye oili na valvu yake kabla ya kushuku cheni. P0340 ni waya au sensa ya kemu. Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina kodi zao: P1346 na P1349 ni familia hiyohiyo ya VVT.

Valvu ya oili ya VVT-i hupimwa kwa dakika 5. Chomoa soketi yake, pima ukinzani kwa mita: kwenye Toyota hizi, injini ikiwa baridi, hutakiwa kusoma kati ya ohm 6.9 na 7.9. Kisha washa injini, iache sailensa, na uipe valvu volti 12 za betri kwa sekunde chache tu. Injini ikitetemeka au kuzima, valvu inasogea, oili inafika, na gia inageuka. VVT-i yako ni nzima. Isipobadilika kitu, itoe valvu uioshe, na usisahau kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa nyuma ya boliti yake kwenye hedi. Wavu huo ukikuta umejaa tope, umeshaisoma historia ya oili ya gari hilo bila kuuliza mtu.

Kwa 5A-FE na ndugu zake wenye distribyuta (kigawa moto wa plagi), kuna ushahidi ambao fundi mwenyewe huuacha. Moto wake hupimwa kwa taa ya taimingi, pini za TE1 na E1 za soketi ya kupimia zikiwa zimeunganishwa, na alama hutakiwa kusoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Fundi akikosea jino kwenye mkanda, gari likakataa kukaa sawa, hugeuza distribyuta mpaka litulie. Ukikuta distribyuta imesukumwa hadi mwisho wa kitundu chake cha boliti, shuku mkanda umekaa jino nje. Alama ya moto itasoma vizuri huku valvu zikifunguka kwa saa za nchi nyingine.

Kemu yenyewe nayo hulika, ingawa mara chache. Kinundu kilichochakaa hakifungui valvu yote, silinda hiyo inamisi na mlio wake ni tik-tik-tik ya kasi nusu ya injini, isiyobadilika kwa oili mpya. Fungua kava la valvu, linganisha vinundu kwa jicho na kucha. Wakati umefungua, pima nafasi kati ya kemu na tapeti (kikombe kinachosukuma valvu) injini ikiwa baridi: kwa 1NZ-FE ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa.

Milio inayosingiziwa taimingi

Alternata, pampu ya maji, kompresa ya eyasii na beringi za feni belti zote hukaa upande uleule. Toa feni belti, washa injini kwa nusu dakika tu. Mlio ukipotea, taimingi haina kosa. Ukibaki, chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, kitako sikioni, na usogeze kidogokidogo.

Mkanda wenye oili na taa isiyoona

Mkanda ukilowa oili, mpira wake unavimba na meno yanang'oka kabla ya wakati. Kuupangusa hakusaidii. Oili hiyo imetoka kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya kemu au ya kranki, kwa hiyo sili na mkanda vinabadilishwa pamoja, la sivyo utarudi baada ya miezi michache.

Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, kwa gari nyingi kila 100,000, kisha inawaka. Mkanda ukivimba kwa oili kwenye kilomita 40,000, taa imelala. Na wapo wanaotoa balbu au kubonyeza kitufe cha kuizima bila kugusa mkanda, kisha gari linauzwa. Kwa gari la kutoka Japani, tafuta stika ndogo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango iliyoandikwa tarehe na kilomita ambazo mkanda ulibadilishwa. Gereji za kule huzibandika. Kilomita za stika zikizidi zile za dashibodi, mtu amezirudisha nyuma. Usipopata stika wala risiti, hesabu mkanda kuwa umekwisha, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Mwenye Mitsubishi ya 4D56 ajue ana mikanda 2. Ule mdogo wa ndani huzungusha mitaimbo ya kupunguza mtetemo, na ukikatika vipande vyake huingia kwenye mkubwa. Badilisha yote miwili.

Ukishafungua

Mkanda hununuliwa pamoja na tenshena, beringi zake, sili, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo. Cheni hununuliwa pamoja na tenshena, plastiki za kuongozea na sproketi, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka inalika haraka. Plastiki ikiwa imevunjika, shusha sampu (bakuli la oili la chini ya injini): vipande vyake huenda kukaa kwenye wavu wa kunyonyea oili, na hapo presha inashuka hata ukiweka cheni ya dhahabu. Mkanda mpya usiukunje wala kuupinda kama kamba ya mzigo, nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana nje. Tenshena ya mtumba sifungi, hata mteja akiniapia kwamba imetoka Japani jana.

Panga alama za kranki na kemu silinda namba 1 ikiwa juu. Cheni nyingi zina viungo vya rangi tofauti vinavyokaa kwenye alama hizo. Hakikisha upande ambao hauna tenshena umekaza, kisha achia tenshena. Zungusha kranki kwa spana mizunguko 2, polepole, ukisikiliza mkono wako. Alama za kranki na kemu zirudi pale zilipokuwa. Viungo vya rangi havitarudi, visikutishe. Kama alama moja imepotea nusu jino, toa, anza upya. Zikirudi, zungusha mizunguko 2 mingine. Rudisha kava, kaza boliti ya kranki kwa kipimo chake, rudisha waya wa betri. Sasa piga starta.